Mawe niliyomwagia zege nyuma ya trekta la kikundi

Wakuu, heshima kwenu. Asiyeamini apite tu, ila haya nayaandika nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mkulima hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mtu wa Kivu Kusini, Kongo. Kikundi chetu kina trekta dogo lenye ndoo kubwa mbele. Ukiijaza mchanga, matairi ya nyuma yananing'inia. Siku moja liliniinamia mteremkoni, nusura nife.

Nikaamua kutengeneza uzito wa nyuma. Fundi wa Mbarara akapitisha chuma kwenye pipa kuukuu ili lifungwe kwenye mikono ya nyuma ya trekta. Saruji ilikuwa kidogo, nikahitaji mawe ya kujazia.

Kwetu hapa, familia ikipata safari ya kuhamia ng'ambo moja kwa moja, majirani wanagawana nyumba: mabati, milango, hadi mawe ya msingi. Si wizi, ndiyo kawaida.

Jirani yangu Mama Riziki alikuwa ameshaondoka. Nyuma ya nyumba yake nikakuta rundo la mawe kwenye majani marefu. Nikasema huo ni msingi wa jiko. Nikazoa yote, nikamwaga zege.

Trekta likatulia vizuri sana.

Ila kila nikipita kiwanja kile, pipa linagonga nyuma ya mgongo wangu. Polepole, mara tatu. Nakaza pini, nazima injini, bado linagonga. Mchana kweupe, wakuu! Nikajiambia ni chuma kinapoa. Mtu mzima anajua kujidanganya.

Wiki ya tatu Mama Riziki akanitumia voice note:

"Papa Neema, niko namuota Riziki kila siku. Anasema, 'Mama, nimechoka kubebwa.' Pita ku ile fasi nyuma ya nyumba, unipigie foto ya mawe yake."

Nikaisikiliza tena, kisha nikaenda kulitazama lile pipa. Nilijua mama huyo alifiwa na mtoto wake Riziki kabla sijahamia hapa. Sikuwahi kuuliza alizikwa wapi.

Zege likishakauka halirudishi jiwe. Nikapeleka pipa lote, nikalishusha palepale, nikapanda maua, nikapiga picha, nikamtumia.

Alijibu huku analia: "Aksanti mingi. Umemujengea kaburi. Sasa amelala."

Shukrani ile inaniumiza kuliko tusi.

Funzo: kabla hujaokota jiwe la aliyeondoka, mpigie simu kwanza.

Nimwambie ukweli, au ninyamaze? Nishaurini, wakuu. Siku hizi nafunga magunia ya mchanga nyuma ya trekta badala ya pipa, na jana nimepita pale, nyuma kimya kabisa. Nikajikuta nimezima injini, nasikiliza.