Mgongo Mpya wa Verlin Hausauer

Verlin Hausauer aliendesha lori la kusukuma theluji barabarani mpaka akastaafu, na mgongo ukamlipa kama migongo inavyolipa. Akawa anatembea kainama, mguu wa kushoto ukimwaka kuanzia kiunoni hadi kidoleni. Kwenye mji wetu mdogo wa jimbo la Dakota Kaskazini hilo si la ajabu. Wanaume wengi wa rika lake wameinama. Ila Verlin, ambaye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliona haya kuugua ugonjwa wa kila mtu.

Daktari wa hapa alimwambia kuwa pingili za uti wa mgongo zimeteleza na zinabana mshipa wa fahamu, na kwamba zinaweza kufungwa kwa skrubu.

"Zinafungwa na nini?" Verlin akauliza.

"Na mpasuaji. Kwa mikono yake."

Verlin akachukua koti lake akatoka.

Akaenda mji mkubwa wa Fargo kwa Dokta Lindqvist, mwanamama mwenye roboti. Daktari alimweleza kwa subira: akivaa miwani yake maalumu, anaona picha ya mifupa juu ya mgongo wenyewe, kana kwamba ngozi ni kioo. Mkono wa roboti unamshikia njia isiyumbe, na yeye ndiye anayekaza skrubu.

"Lakini misuli ni kazi yako, bwana Hausauer. Bila mazoezi, nitakuwa nimetia mlango mzuri kwenye nyumba mbovu."

Verlin alisikia neno roboti tu. Ardis, mkewe, alisikia yote, lakini hakuna aliyemuuliza.

Upasuaji ulikwenda salama, na mguu ukaacha kuwaka. Kilichopona haraka zaidi ni mdomo. Kwenye duka la ushirika, ambako wazee hunywa kahawa asubuhi, alizungusha simu yenye picha ya mgongo wake kama mtu aliyepata mjukuu.

"Tazama skrubu hizo. Zimenyooka kama nguzo za umeme."

Orrin Vetsch, rafiki yake tangu shule, akaitazama picha, kisha akamtazama Ardis akija na vikombe viwili.

"Nimeziona. Na kahawa yako mbona anabeba mama?"

"Nimekatazwa vitu vizito."

"Kikombe, Verlin?"

"We Orrin teknolojia huijui, nyamaza tu."

Alipewa mazoezi ya kufanya nyumbani: kutembea, kukaza tumbo, na kuinuka kitini bila kujishika. Ardis akimkumbusha, alijibu, "Mama, hapa pamefungwa na mashine isiyokosea. Unataka niilegeze kwa kurukaruka sebuleni?"

"Umeambiwa uinuke. Nani kakwambia uruke?"

Kisha Ardis alitoka kuzoa theluji mlangoni, na Verlin akamwongoza kwa kugonga kioo cha dirisha kila mkewe aliporuka sehemu.

Majira ya kuchipua, hospitali ya Fargo ikaita wananchi waje kuiona mitambo, na waliopona waseme neno. Verlin alivaa suti, akaenda na Ardis, akamkokota na Orrin pia. Wageni walipokezana miwani wakichungulia uti wa mgongo wa plastiki, na Verlin akawaeleza kila kitu, Dokta Lindqvist mwenyewe akiwa kasimama pembeni kama mwanafunzi.

Baadaye wakamketisha kwenye kochi la chini, laini, kando ya roboti, wakampiga picha.

"Asante, bwana Hausauer. Unaweza kuinuka."

Akajaribu. Kochi likamrudisha. Akajaribu tena, tabasamu likiwa bado limesimama peke yake usoni. Watu wakaanza kuangalia dari.

"Mwambie huyo mwenzako akunyanyue," Orrin akasema, akionyesha roboti.

Daktari hakucheka. "Huyo hanyanyui watu. Mazoezi unafanya?"

"Kiasi."

Ardis alikuwa hajawahi kumwaibisha mumewe mbele za watu. Siku hiyo aliweka mkoba chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hajafanya hata siku moja, Dokta. Theluji ya mwaka huu nimeizoa mimi." Kisha akamshika kwapa moja, Orrin akashika la pili, wakamng'oa kama kiazi.

Walipofika nyumbani, Verlin akasimama jikoni na suti yake, macho sakafuni.

"Lile la kiti linafanywaje?"

Ardis akamvutia kiti cha mbao. Verlin alipoyumba, Ardis alinyoosha mkono kutaka kumshika, kisha akaurudisha.

Kufikia vuli alikuwa anatembea mpaka ziwani na kurudi, wima. Tabia ndiyo haikupasuliwa. Siku hizi anahudhuria mazoezi ya wajane kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, na tayari anawakosoa namna wanavyokaza tumbo. Wajane wanamvumilia. Mmoja aliniambia kuwa yeye mwenyewe anakwenda kwa sababu ya keki ya baada ya mazoezi tu.