Mrija wa Kitanda cha Tatu

Wodini walimwita Mama Mirija, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa alikuwa amelisha watoto njiti kwa mirija zaidi kuliko alivyowalisha wanawe kwa kijiko. Mumewe alipofariki, alikaa nyumbani wiki mbili, kisha akarudi kazini macho makavu.

"Dada, ungepumzika kidogo," mkuu wa wodi alimwambia.

"Nitapumzika na nani?" akajibu, akaenda kunawa mikono.

Hakulia. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, unashika, lakini hauhisi kitu. Kazi ilijiendea yenyewe. Alitazama alama ya mrija pale puani, kama haijasogea. Alivuta tone la maji ya tumboni, akaligusisha kikaratasi cha kupimia asidi. Kikibadilika rangi, mrija uko mahali pake. Ndipo akamimina maziwa kwenye bomba la sindano lililochomekwa mrijani, akaliinua, yakashuka taratibu. Mwisho maji kidogo ya kusuuza, maziwa yasigande ndani.

Kwenye kitanda cha tatu alilala binti wa kilo moja na robo. Mama yake, fundi cherehani, alikaa pembeni kutwa akikunja na kukunjua pindo la gauni lake.

"Nesi, huyu anakula au anajazwa tu?"

"Anakula. Mdomo ndio bado unajifunza."

Adhuhuri moja mrija ule ukaziba. Nesi mgeni, aliyeanza kazi wiki ile, aliukuta, akawa anasukuma maji kwa nguvu mpaka kidole gumba kikapauka.

"Acha!" Mama Mirija alimkemea. "Huo si mtaro, mwanangu. Ukipasuka, unapasukia ndani ya mtu."

Nesi mgeni akaachia. "Sijui nani hakuusuuza."

Mama Mirija akachukua kadi ya mtoto. Saa tatu asubuhi: maziwa, saini. Saini yake mwenyewe. Sehemu ya kusuuza ilikuwa tupu. Alijaribu kukumbuka, hakukumbuka hata kusimama pale.

"Ni mimi," alisema. Akamgeukia yule mama. "Kosa ni langu. Nitaweka mwingine sasa hivi."

Aliuchomoa ule ulioziba, akapima mpya kutoka puani hadi sikioni, hadi tumboni, akaingiza. Mtoto alilia kasauti kembamba kama uzi. Mama mtu aligeukia ukuta.

Mkuu wa wodi alisoma taarifa. "Sasa utapumzika?"

"Hapana. Nipe mtu wa kunisikiliza."

Basi tangu siku hiyo nesi mgeni alisimama ubavuni pake, naye Mama Mirija akataja kila hatua kwa sauti, kama mwanafunzi: "Nimeangalia alama. Nimevuta. Nimemimina. Nimesuuza." Manesi wengine walicheka chinichini. Yeye hakujali; aibu nayo ilikuwa imekufa ganzi.

Wiki ya nne binti alinyonya titi mwenyewe, siku nzima, bila kuchoka. Mama Mirija akabandua plasta, akauchomoa mrija.

Fundi cherehani alimkumbatia, akamlowesha bega kwa machozi. "Mungu akubariki, dada yangu."

"Hongera," alisema Mama Mirija.

Alisubiri furaha ije. Haikuja. Ilikuja njaa tu, kali, ya kwanza tangu mumewe afariki, akamwachia nesi mgeni zamu akaenda kula.