Mtu wa Mwisho wa Gati

Harufu ya plastiki ya mashine za gemu iliyopata moto, ikichanganyika na ya pweza mkavu wa Kojani aliyetundikwa duka la jirani, ndiyo iliyonifundisha kazi. Skuli niliiacha mapema, sifichi, na leo ukumbi wa gemu unaojaa kuliko yote Chake Chake ni wangu. Sikurithi hata msumari. Lakini mchezo ulionitia kichaa niliujulia Konde, chumbani kwa Bwana Salim, aliyerudi kutoka Uarabuni na televisheni moja na mashine ya gemu, akaziba dirisha kwa kanga ili picha ionekane. Ulikuwa mchezo wa mpelelezi anayemsaka muuaji katika mji wa mvua na ukungu. Kiingereza hatukukijua, hadithi tukaitunga wenyewe. Na mwisho wa gati la mji ule alisimama mtu, katugeuzia mgongo, bega moja limeshuka. Kila ukimsogelea, ukungu unamrudisha nyuma.

Ulikuwa msimu wa vyama. Jirani hamwitikii jirani salamu, na wa chama hiki hamziki wa chama kile. Makame, kaka wa rafiki yangu Hamadi, alitoka asubuhi moja ya fujo baada ya uchaguzi, asirudi. Wengine walisema kavukia Mombasa. Wengine walinong'ona kachukuliwa na wachawi, ambao kwetu husemwa huiba mtu mzima mzima wakaacha mgomba wenye sura yake, mkauzika mkidhani ni maiti. Wazee walitaka asaliwe ghaibu, sala ya maiti asiyekuwapo. Mama yake, Bi Mwanakombo, akakataa katakata. Ng'ombe hazeeki maini, na mama hachoki kungoja. Siku Hamadi alipomwona yule wa gatini, aliniminya mkono: "Yakhe, yule kaka." Nikamcheka. Kesho yake akamleta mama yake.

Ilikuwa baada ya alasiri, nje jua kali, ndani giza. Wavulana tulimpisha. "Wekeni chini hicho kidude, mtamtimua," Bi Mwanakombo alisema. Hamadi akaiweka pedi ya kuchezea sakafuni. "Makame," akaita, kama anayemwita mtu chumba cha pili, "nyumbani hakuna aliyekukasirikia. Geuka nikuone."

Bwana Salim akacheka. "Bi Mwanakombo, hiyo mashine tu."

"Nani kakuuliza wewe? Mchawi ana haya, huacha hata mgomba mtu akazika. Hawa waliomchukua wangu hata mgomba hawakuniachia."

Ndipo yule mtu wa gatini akageuka, taratibu, kichwa kwanza. Hakuwa na uso, palikuwa na ubapa wa kijivu. Wenzangu walikurupuka mbio wakiangushana mlangoni. Mimi nilibaki, roho yangu ngumu tangu zamani. Bi Mwanakombo alimtazama mpaka akatosheka. "Siye," akasema. "Mwanangu ana uso." Akamshika Hamadi mkono. "Kawaambie wasali." Ghaibu ikasaliwa Ijumaa, nusu ya mtaa haikuja.

Sasa mchezo ule umetengenezwa upya, na mimi ndiye niliyeuleta kisiwani kabla ya mtu yeyote. Haki yake niupe: matone yanateleza juu ya koti la mpelelezi hadi unahisi baridi, gari linatii, na hadithi vijana wangu wananitafsiria, nzuri kuliko zetu. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukungu wameufuta, na ukisita kidogo mshale unakuashiria pa kwenda, utadhani mchezo una haraka kuliko wewe uliyelipa. Nilikwenda moja kwa moja gatini. Mbao safi, maji yanametameta, mtu hakuna.

"Mzee, ule ulikuwa ubovu wa picha," kijana mmoja akaniambia nilipomuulizia yule mtu. "Wameurekebisha."

Huenda. Mimi nauza kila kitu, waulizeni Chake Chake, lakini diski ile ya zamani, ya Bwana Salim, mteja akiitaka namwambia imekwaruzika. Niliiweka mashineni mara moja tu, mchana, ukumbi mtupu. Alikuwapo, kanipa mgongo. Nikangoja sana ageuke. Mtu wa maneno mengi kama mimi, sikuwa na jina la kumwita.