Kamba Niliyoizamisha Kisimani kwa Bibi Felista

Nakumbuka swali moja lililoninyima usingizi siku kumi na moja: nilibadilisha kamba, au sikubadilisha?

Mdogo wangu unayetoka chuoni na vyeti vyako kwenye bahasha, ningekuita mwanangu, ila mvi zangu bado zinahesabika. Mimi ni mtu wa kufunga mlango kisha kurudi mara tatu kuutikisa. Safari ile wasiwasi wangu ulikuwa na haki, nami nikaunyamazisha.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii ya kupima uchafuzi wa udongo na maji, hapa Sumbawanga. Sheli moja ya Mazwi ilishukiwa kuvujisha mafuta kutoka kwenye tangi la chini ya ardhi. Tulitoboa mashimo ndani ya uzio, tukapima udongo, tukachota maji. Shimo la karibu na tangi lilitoa maji yenye utando unaometameta, yanayonuka petroli waziwazi. Kisha bosi akanituma peke yangu ng'ambo ya uzio, kwenye kisima cha Bibi Felista, mjane anayeuza togwa ya ulezi. Kisima hicho alikichimba marehemu mumewe, na ndicho kilichompa maji ya togwa.

Kanuni ni nyepesi: kila sehemu na kamba yake mpya, na chombo cha kuchotea kioshwe kwa sabuni, ili uchafu wa shimo moja usihamie jingine. Chombo nilikiosha, nalikumbuka hilo kwa sababu upepo wa Ufipa ulinigandisha vidole. Kamba ndiyo sikuikumbuka. Kwenye daftari nilikuwa nimejaza saa, kina cha maji, hata hali ya mawingu. Mahali pa kamba palikuwa patupu.

Majibu ya maabara yakaja: kisima cha Bibi kina petroli. Kikafunikwa kwa ubao, kikabandikwa karatasi ya onyo. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: "Bosi, sina hakika na kamba." Lakini nikiisema, si ataniona mzembe? Na kama nilibadilisha, si nitakuwa nimejichongea bure? Na kama petroli imo kweli? Nikaligeuza wazo kama chapati, upande huu na ule, mpaka likaungua.

Wakati huo vijana wa bodaboda kijiweni walikuwa wamepata mchezo.

"Bibi, nitilie lita moja ya togwa kwenye tangi nifike Kasesya!"

Mara ya kwanza Bibi alicheka nao. Siku ya nne hakuleta ndoo ya togwa kijiweni. Nilikutana naye akitoka kwenye bomba la mbali, maji kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, nami nikaenda zangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili nilimwambia bosi. Akasema, "Nunua kamba. Twende kwa Bibi, ukamwambie mwenyewe."

Tulimkuta anapepeta ulezi. Nilisema yote nimesimama. Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui," akasema.

"Sikuwa na hakika, Bibi."

"Na siku zote hizi nabeba ndoo kwa magoti haya, wewe unanipita unaniambia shikamoo?"

Akauweka ungo chini.

"Mwanangu, kukosea nakuelewa. Hata mimi niliwahi kuunguza uji wa msibani. Lakini nilisema nimeunguza. Sikuwaacha watu waseme ulezi wa wenye msiba ni mbovu."

Tulichota upya, siku mbili tofauti, kila mara kwa kamba mpya, naye akisimamia. Tangi la sheli lilikuwa linavuja kweli, lakini mafuta hayakuwa yamefika kwake. Maji yake yalikuwa safi. Bosi akabandua karatasi, na kwa upande wa ofisi mambo yakaishia hapo. Mimi sikuweza kuishia hapo. Nilikwenda kijiweni kwa miguu yangu, nikawaambia wale vijana: "Maji ya Bibi ni mazima. Kosa ni la kamba yangu, na nililishuku mapema nikanyamaza."

Mmoja akaniuliza, bila utani, "Sasa kaka, tukuamini leo au siku ile?"

Neno langu ni hili, mdogo wangu. Shaka ikikujia juu ya kazi yako, iseme siku hiyohiyo, na umwambie yule itakayemuumiza, hata kama bado hujui ukweli uko upande gani. Vipimo hurudiwa. Jina la mtu ni kama maji, yakimwagika hayazoleki. Bibi anauza togwa tena, ila wapo wateja ambao hawajarudi mpaka leo, na hao ni mimi niliyewafukuza.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, akupe wakubwa wenye masikio, na akujalie kusema mapema.