Dinosaria Wetu Hakuliona Jiwe

Niliondoka Lindi kwa sababu ya kinyago kimoja. Nilikuwa nimemchonga kwa mpingo dinosaria wetu, yule ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kwetu: shingo juu, mdomo wazi kwa hofu, na jiwe kutoka angani linamwangukia. Nilimwonea huruma kweli. Mzee Seif, mwenye duka la vinyago Kariakoo, alisema kwenye simu kwamba akikipenda atanipa rafu moja dukani. Rafu moja tu, lakini mimi nilishaota duka zima.

Basi liliondoka alfajiri, kinyago nimekipakata. Jioni nikafika Ilala kwa shangazi.

Kesho yake asubuhi, Kariakoo. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, kijana wa Kusini, fungua tuone." Akakigeuzageuza. "Mikono unayo. Ila wateja wangu wanauliza maswali. Una hakika huyu ndiye aliyepigwa na jiwe?"

"Si ndilo lililowamaliza wote?"

"Mimi nauza tu. Nenda makumbusho, pale Posta, ukaulize. Kitu cha uongo sikiweki."

Saa sita nilikuwa Posta, jasho linanitiririka. Dada mmoja anayetembeza wageni alikitazama kinyago, akacheka kwa upole. "Pole, kaka. Huyu wenu alishakufa zamani sana. Jiwe lilikuta dinosaria wengine kabisa."

"Mmejuaje?"

"Miamba imepangana. Ya chini imetangulia, ya juu imefuata. Vumbi la lile jiwe limo kwenye tabaka la baadaye mno. Yaani kutoka huyu wenu mpaka jiwe ni muda mrefu kuliko kutoka jiwe mpaka mimi na wewe hapa."

Nikakaa kwenye ngazi. Rafu imeota mbawa. Tena nilikuwa nimemtisha bure mnyama wa watu, kwa kitu ambacho hakikumkuta.

Jioni, uani kwa shangazi, nikatoa patasi. Mpingo mgumu, mnaujua. Taratibu lile jiwe nikalichonga likawa majani, tawi zima linaning'inia mbele yake. Mdomo sikuugusa; ule ule wa hofu sasa ulikuwa wa kula.

"We mtoto hujala, unahangaika na mjusi!" shangazi akafoka, kisha akainama kutazama. "Mbona leo kama kanenepa?"

Siku ya tatu nikarudi Kariakoo. Mzee Seif akavaa miwani.

"Jiwe liko wapi?"

"Bado halijaanguka, mzee."

Alicheka mpaka akashika meza. Akaondoa vikombe vyake vya kahawa kwenye rafu iliyo karibu na mlango, akaifuta kwa kiganja. "Weka. Ila mmoja mpweke. Mletee wenzake."

Nimerudi nyumbani nikiwa nimejifunza kuuliza kwanza mtu aliishi lini, ndipo nimlilie. Gogo la pili nimeshalianza. Huyu nitamchonga amelala.