Anayetafuta oveni aliyoing'arisha mwenyewe

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Elisante Nnko amepiga magoti kwenye sakafu ya duka la mitumba mjini Springfield, Virginia, mbele ya rafu ya chini kabisa. Rafu ina oveni ndogo za mezani saba. Anafungua mlango wa kwanza, anaingiza uso ndani na kumulika ukuta wa kushoto kwa tochi ya simu. Kisha anainamia swichi ya kuzungushia moto na kuikagua kama mtu anayesoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa.

Mhudumu wa duka anamsogelea na kumuuliza kama anahitaji msaada wa kuchagua. Elisante anatabasamu na kujibu kwamba anaangalia tu. Ukimwona hivyo utadhani ni mnunuzi asiye na haraka. Kumbe hakuja kununua, na haraka aliyo nayo imemkondesha kilo kumi na moja tangu Februari.

"Hapa haipo," anamwambia mwandishi akijikongoja kuinuka. "Twende Herndon."

Elisante ana miaka 53. Alizaliwa Usa River, mkoani Arusha, na yuko Marekani mwaka wa kumi na mbili sasa. Ukitaka kujua kuchagua oveni ya mezani, muulize yeye. Bahati mbaya ujuzi huo hakuupata jikoni.

Anafanya kazi kwenye karakana ndogo iliyo nyuma ya gereji ya matairi, inayomilikiwa na Mmarekani mstaafu aitwaye Christopher. Wako wanne. Wanayeyusha madini ya risasi, yale mazito ya kijivu, wanayamimina kwenye kalibu na kutoa vichwa vya risasi vya bunduki. Wateja wao ni wazee wanaokwenda kulenga shabaha mwishoni mwa wiki. Elisante analipwa dola kumi na tisa kwa saa.

Kazi yake ni ya mwisho. Anatia vichwa hivyo kwenye kopo la plastiki pamoja na poda ya rangi, anatikisa mpaka poda ing'ang'anie, anavipanga kwenye trei, kisha anavioka dakika ishirini kwenye joto la nyuzi mia nne za Fahrenheit. Poda inayeyuka na kuwa ganda gumu. Ganda hilo huzuia madini yasigande ndani ya mtutu.

Hakuna mashine maalumu. Ni oveni zilezile ambazo watu hupashia mikate, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili moja huchoka. Hapo Christopher humtuma Elisante dukani kuchagua nyingine.

"Oveni zote zinasema uongo," anasema, na kwa dakika moja sauti yake inachangamka. "Imeandika mia nne, ndani ni mia tatu na sitini. Nyingine inapanda hadi mia tano, vichwa vinalegea kama mshumaa, kazi yote bure. Basi mimi naweka kipimajoto ndani, nasubiri nusu saa, nikishapata mia nne ya kweli natia nukta ya rangi nyeupe pale kwenye swichi. Ile nukta ndiyo ukweli. Ya kiwandani achana nayo."

Nukta hiyo nyeupe ndiyo anayoitafuta madukani. Nukta hiyo, pamoja na doa la poda ya bluu lililoungua kwenye ukuta wa kushoto na kukataa kutoka.

Siku yake ya kwanza kazini Christopher alimpa sheria moja: oveni iliyookea vichwa vya risasi haipiki chakula tena. Vumbi la madini yale halionekani wala halinuki, linajificha kwenye mikunjo ya bati, na ni sumu, hasa kwa watoto. Oveni ikichoka, unakata waya wake kwanza ndipo unaitupa, ili hata anayeokota takataka asiweze kuiwasha.

Aprili mwaka jana Elisante alipewa oveni ya kutupa. Feni yake ilikuwa na kelele tu, moto wake ulikuwa mzima. Hakuukata waya.

Watanzania wengi wa huku watamwelewa. Karibu kila nyumba ina kona ya vitu vinavyosubiri kontena la kwenda nyumbani: televisheni ya zamani, matairi, viatu, baiskeli isiyo na tandiko. Elisante alimkumbuka mdogo wake, Isack, mwenye karakana ya pikipiki huko Usa River. Angemtumia oveni na transfoma ya kubadili umeme, Isack apake vipuri rangi ya poda.

"Niliona kutupa kitu kizima ni kufuru," anasema.

Basi akaibeba hadi nyumbani. Na kwa kuwa hakutaka mdogo wake apokee uchafu kutoka Amerika, aliketi barazani na kuisugua kwa saa mbili mpaka ikang'aa. Aliiweka kwenye kona ya kontena, juu ya masanduku. Anasema kama angeiacha na masizi yake, leo asingekuwa na hadithi ya kumsimulia mtu.

Mkewe, Vaileth, anahudumia wazee majumbani mwao, na kanisani ni mwenyekiti wa akina mama wanaopokea wageni. Akifika mtu mpya kutoka Tanzania, Kenya au Kongo, Vaileth ndiye hupita nyumba kwa nyumba kukusanya sufuria, mablanketi na vikombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nusu ya waumini wa kanisa lile wameanza maisha Marekani kwa vijiko vilivyopitia mikononi mwa mama huyu.

Juni ile alikuja Jepkosgei, mama wa Kikenya mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Ryan. Alikuwa amepanga chumba cha chini ya nyumba ya mtu huko Herndon, chumba kisicho na jiko. Vaileth akaiona ile oveni inayong'aa pale kwenye kona.

Je, hakujua ilikotoka? Hapa Elisante anainamisha kichwa juu ya usukani. Gari limesimama kwenye taa nyekundu.

"Alijua nafanya kazi kiwanda cha rangi," anasema. "Ndivyo nilivyomwambia. Miaka minne. Mimi ni mzee wa kanisa, kaka. Niliona aibu kusema natengeneza risasi. Kwa hiyo yeye aliona oveni iliyokaushia rangi, imeoshwa, safi. Ana kosa gani?"

Vaileth mwenyewe anaongea kwa sauti ya chini, mikono imelala mapajani. Hakutaka kupigwa picha.

"Mimi nimelelewa hivyo, kizuri kula na nduguyo. Nilimpelekea mimi mwenyewe. Tukapiga magoti pale na dada Jepkosgei, tukaviombea vile vyombo, viwe baraka kwa mtoto. Nimeweka mkono wangu juu ya ile oveni." Anautazama mkono. "Mungu alikuwa anasikiliza nini siku ile?"

Miezi mitano Jepkosgei alioka humo. Anapokumbuka anaanza kwa kucheka, halafu macho yanamjaa machozi.

"Mimi hukuwanga baker, unaelewa? Niliona hiyo dot nyeupe nikasema wacha nijaribu hapo. Mkate ilitoka perfect! Kila siku naweka kwa dot. Queen cakes, mkate ya Ryan, viazi. Niliombea mama Vaileth kila siku juu ya hiyo oven. Kila siku, imagine."

Novemba alihamia nyumba yenye jiko. Akafanya kama alivyofanyiwa: aliiweka oveni kando ya barabara ikiwa imefutwa vizuri, akabandika karatasi iliyosema inafanya kazi, achukue anayehitaji. Aliporudi na mzigo wa pili, baada ya dakika arobaini hivi, haikuwepo.

Januari Ryan alipimwa damu, kipimo cha kawaida cha watoto wa miaka miwili. Kiwango cha madini ya risasi kilikuwa kumi na nne. Daktari alimweleza mama yake kwamba wasiwasi huanza kabla hata ya kufika nne. Wakamuuliza kuhusu rangi ya kuta, midoli, viungo vya chakula na sufuria. Je, kuna mtu nyumbani anayefanya kazi na madini hayo? Hakuna, akajibu, na kwa alichokijua alikuwa anasema kweli.

Jepkosgei alipeleka jambo hilo kwenye maombi ya akina mama. Jioni hiyo Vaileth alimsimulia mumewe mezani, akimhurumia binti wa watu. Elisante alishusha kijiko, akainuka, akaenda kwenye kona ya kontena. Alisogeza masanduku yote, moja baada ya jingine. Kisha akarudi na kumuuliza mkewe oveni iko wapi.

"Miezi saba sikuwahi kuiulizia," anasema. "Miezi saba. Nilikuwa napita pale kila siku kuchukua viatu."

Siku iliyofuata alikwenda Herndon kusema yote. Jepkosgei alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Alianza kulia, mzee mzima. Nikamwambia, usinililie hapa. Hiyo machozi sina mahali ya kuiweka," anasimulia. "Sijamchukia, nimechoka tu. Ryan alikuwa na maneno, sio mengi. Saa hii akitaka maji ananivuta tu nguo. Daktari anasema maybe ni hiyo, maybe ni mtoto tu wa kuchelewa kuongea, hawezi jua. Mimi nitakaa na hiyo maybe mpaka lini?"

Kipimo cha mwisho cha Ryan kimeshuka hadi tisa. Kinashuka pole pole. Madaktari wamemwambia mama yake kwamba damu itasafika, lakini kama kuna kilichoharibika, hakirudi.

Ryan, angalau, anajulikana. Elisante hapati usingizi kwa ajili ya mtoto asiyemjua, aliye kwenye nyumba ile ambako oveni imewashwa asubuhi hii, labda na mama mwingine aliyegundua kwamba kwenye nukta nyeupe mkate unatoka vizuri.

Februari aliomba nafasi ya matangazo kanisani. Alisema mbele ya watu wote kazi anayoifanya, uongo aliouishi, na oveni aliyoipoteza. Hakuna aliyepiga kelele. Jumapili iliyofuata watu walikuja na oveni zao, tisa kwa jumla, wakazipanga ukumbini kwa sababu karibu wote walikuwa wamepewa na mtu. Leonard, mzee kutoka Kongo, alibeba yake kifuani.

"Papa Elisante, angalia hii yangu vizuri," alimwambia. "Madame anakataa kabisa kuiwasha, na bajukuu banalilia biscuit."

Elisante alizikagua zote tisa akiwa amepiga magoti, huku wenyewe wakisubiri. Haikuwemo. Tangu siku hiyo stoo ya vyombo vya wageni pale kanisani imefungwa. Mwezi uliopita familia moja iliyofika kutoka Mbeya ilikataa hata sahani. Walisema asante, watanunua wenyewe. Vaileth amejiuzulu uenyekiti.

Na kazi? Bado anaenda. Angetamani kuacha, ila kodi ya nyumba haijui majuto. Mwezi Machi oveni nyingine ilichoka, Christopher akamtuma tena dukani. Alisimama mbele ya rafu saa nzima, asiweze kuchagua, mpaka mlinzi akaanza kumtilia shaka. Ile ya zamani aliikata waya, akavunja kioo chake, kisha akaipondaponda kwa nyundo mpaka Christopher alipomshika mkono.

Amebandika matangazo kwenye vyumba vya kufulia vya majengo ya Herndon kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili. Ametoa taarifa kwa maofisa wa afya wa kaunti, nao waliandika maelezo yake na kumshukuru. Nyuma ya gari lake kuna oveni mpya ndani ya boksi, ya kumpa yeyote atakayemkabidhi ile ya zamani. Watu kumi na saba wamempigia simu. Wengi walitaka tu ile mpya.

Mjini Herndon duka lina oveni tatu. Anazikagua, anazifunga milango, anapangusa vumbi la suruali. Hakuna. Wiki ijayo ataanza upya na maduka ya Columbia Heights, jijini Washington, kwa sababu vitu vya barabarani huweza kusafiri popote.

Anaulizwa atajuaje pa kukomea. Anaegemea mlango wa gari.

"Pa kukomea hapapo. Aliyeichukua pengine aliwasha siku mbili, akachoshwa na kelele ya feni, akaitupa. Gari la taka likaisaga. Kama ni hivyo, nani atanipigia kuniambia? Nitazunguka haya maduka kama mjinga mpaka nizeeke, natafuta kitu ambacho hakipo duniani."

Anafungua mlango wa gari na kuketi, lakini hawashi.

"Ndicho ninachokiomba," anasema. "Kila asubuhi namwambia Mungu, nifanye niwe huyo mjinga."