Kikao cha Kugawana Jina la Tovuti

Baba yangu alipozikwa, ukoo ulikaa kikao kugawana alichoacha. Baada ya shamba la Mutuka na ng'ombe, baba mdogo alisoma kwa sauti anayoitumia kanisani: "Jina la intaneti." Watu wakatikisa vichwa kana kwamba kila mmoja amewahi kuliona likichungwa.

Jina hilo nililisajili mimi. Ninaishi kaskazini mwa Ulaya, katika mji wa mvua, na nikitoka kazini huwa nasajili majina ya tovuti na kuyatafutia hifadhi, yaani mahali pa kuweka kurasa, kwa ajili ya watu wa nyumbani: shule, duka la pembejeo, kwaya. Wateja wangu wengi hawataki tovuti. Wanataka jina la kuchapa kwenye mlango wa gari. Ukiwauliza ukurasa uandikwe nini, wanakutumia picha yao wakiwa wamevaa suti, halafu wananyamaza mpaka mwaka mwingine.

Baba hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa na nyumba ya wageni Nangara, mjini Babati, vyumba vichache vinavyotazama ziwa, na alipoomba tovuti alinitumia picha za vitanda, ya choo, na moja ya kiboko iliyopigwa na mgeni alfajiri. Nyumba aliipa jina lake mwenyewe, nami nikalisajili hilohilo. Wageni wakaanza kuandika kutoka mbali: waendesha baiskeli wanaoelekea Kondoa, watazamaji wa ndege, vijana wa kujitolea. Baba alipougua, mama akabaki kuiendesha nyumba peke yake, na hao wa mtandaoni ndio waliomweka mjini. Wasafiri wa kawaida hulala gesti za karibu na stendi.

Siku ya kikao mama alikuwa jikoni akichuja chai. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, karani mstaafu ambaye mpaka leo hawezi kuamini jambo lisilo na muhuri.

"Jina la marehemu haliwezi kukaa Ulaya kwa binti aliyeolewa," alisema. "Litarudi kwa mtoto wa kiume."

Nilimweleza kwamba halikai Ulaya wala Babati. Jina la tovuti hukodishwa, hulipiwa kila mwaka, na mwenye nalo asipolipia huachiwa yeyote anayelitaka. Nikaeleza pia kwamba jina ni kama kibao cha barabarani tu. Kurasa na picha ziko kwenye hifadhi, sehemu nyingine kabisa ninayoilipia kivyake. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mvua ipite.

"Hati yake iko wapi?"

"Haina hati, baba mdogo."

"Kiwanja kina hati. Pikipiki ina kadi. Mbwa akichanjwa anapewa cheti. Hiki kitu chako kinachoonekana dunia nzima ndicho kikose karatasi?"

Walicheka. Mdogo wangu wa kiume, ambaye jina lilikuwa linarudi kwake, hakucheka. Anauza makava ya simu karibu na soko, na huvaa shingoni kitambulisho cha semina moja aliyohudhuria zamani kama wengine wanavyovaa rozari. Wakati huo alikuwa akizungumza sana juu ya kundi la makampuni atakalolianzisha. Makampuni yenyewe hayakuwepo, ila kundi lilikuwa tayari.

"Dada amekaa sana na Wazungu," akasema. "Anadhani sisi tumelala."

Niliomba mama aitwe aulizwe, maana wageni ni wake. Baba mdogo akajibu kwamba mama ameachiwa nyumba, jina atalifanyia nini. Mama mwenyewe aliingia na chupa ya chai, akamimina vikombe vyote, akatoka. Hakuna aliyemwambia wanazungumzia nini, na wanaume wale wote walimshukuru kwa chai.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa mdogo wangu nikafanya walivyotaka, tena kikamilifu. Nilimfungulia akaunti kwa barua pepe yake, nikalihamishia jina humo, nikamwonyesha mahali pa kulipia na mahali onyo litakapotokea mwaka ukikaribia kwisha. Alikuwa akimhudumia mteja. Aliponigeukia aliniuliza swali moja tu: je, inaweza kuchapwa? Tukachapa ule ukurasa unaoonyesha kwamba mwenye jina ni yeye. Baba mdogo akaandika chini yake kuwa ukoo umeshuhudia, wakatia sahihi, na karatasi ikapelekwa steshenari kuvishwa plastiki ngumu. Mdogo wangu akaitundika juu ya chaja, kwenye usawa wa macho ya wateja.

"Sasa ni rasmi," aliniambia.

Nikarudi Ulaya. Mwaka ulipokaribia kwisha nilimpigia. Onyo halikuja tena kwangu, lakini tarehe za majina niliyoyasajili ninazijua. Nilimwambia afungue barua pepe yake. Akasema yuko bize. Nikampigia tena wiki iliyofuata, nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza wale wa picha za suti, kwamba asipolipia jina la baba litachukuliwa.

"Dada, usinitishe," akasema. "Hati ninayo, iko ukutani."

Simchukii mtu kwa kutojua. Baba pia hakujua. Siku za mwanzo nilipomwambia watu kadhaa wametembelea tovuti, alimwagiza mama aongeze wali. Lakini aliuliza, na alipojibiwa alikumbuka. Mdogo wangu na baba mdogo wanaliona swali kama kitu cha watu wa chini. Mtu aliyekwisha kuwa kiongozi hawezi kuuliza, anaweza tu kudai karatasi.

Jina lilikwisha muda wake. Mtu mmoja, sijui wa nchi gani, akalichukua, ikawa ukiliandika unaletewa matangazo ya kamari. Mdogo wangu alitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba nimeiba jina la marehemu. Baba mdogo akaniandikia ujumbe mrefu wenye kichwa cha habari na vifungu, akinitaka nirejeshe mali ya ukoo mara moja. Nilimjibu kwamba mwenye jina ni aliyeandikwa kwenye karatasi waliyoitia sahihi, basi wamwulize yeye.

Wakati wao wakiandikiana, vyumba vya Nangara vilikuwa vitupu. Kiangazi kilifika bila baiskeli hata moja uani. Mama alimwachisha kazi dada aliyekuwa akifua mashuka, akayafunga kwenye plastiki yasiingie vumbi. Nilianza kusikia kwa jirani kwamba baba mdogo anampangia ahamie shamba, nyumba ipangishwe. Ndipo mama aliponipigia, jambo asilolifanya. Huwa anasubiri nipige.

Nilimwamkia. Hakuuliza hali.

"Lile jina, ni lazima liwe la baba yako?"

Nikamwambia linaweza kuwa lolote ambalo halijachukuliwa.

"Kwa sababu pale stendi ukitaja la baba yako, vijana wa bajaji wanakutazama tu. Ukisema kwa Mama," akataja jina langu, la mtoto wake wa kwanza, ambalo Babati nzima humwitia, "unaletwa mpaka mlangoni. Weka hilo."

Nililisajili siku hiyohiyo. Kwenye nafasi ya mwenye jina niliandika lake kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na onyo nikalielekeza kwake na kwangu. Kurasa na picha zilikuwa zimebaki kwenye hifadhi vilevile, hivyo nililiunganisha jina jipya nazo jioni ileile. Wa kwanza kuandika walikuwa mume na mke wa baiskeli, waliodhani nyumba imefungwa.

Mdogo wangu alisema mama amemtukana marehemu. Aliendelea kusema hivyo hadi wageni walipoanza kuonekana sokoni wakiulizia njia ya Nangara. Baada ya hapo alimtuma mama aniombe niweke picha yake kwenye ukurasa wa mbele, kama mkurugenzi. Mama alifikisha ujumbe wote, pamoja na maelezo ya picha ipi, kisha akaniuliza ninaonaje.

Nikamwambia tovuti ni yake, aamue yeye.

"Basi usiweke," alisema, na akaniuliza kama huku baridi imeshaanza.